Kuchagua chambo bandia cha nguru na kolekole mwanzoni mwa msimu: mwongozo kamili kwa mvuvi wa Dar es Salaam

Kila mwaka, upepo wa kusi unapoanza kulegea mwishoni mwa Septemba, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, ninunue chambo gani?" Anayeuliza huwa ameshasimama dukani Kariakoo, mbele ya ukuta uliojaa samaki wa plastiki wa rangi zote, na mwenye duka anamsubiri. Namjibu atoke humo dukani kwanza, aende Feri, kwenye soko la samaki.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Ana boti ndogo ya faiba au anapanda ya mwenzake, ana fimbo moja ya kuvulia au mshipi wa mkono tu, na anataka kwenda kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayotembea, kati ya Mbweni na Kigamboni kabla upepo wa kaskazi haujakolea. Samaki ninaowalenga ni wawili, nguru na kolekole, kwa sababu hukaribia pwani kiasi cha kufikiwa na boti ndogo na hukubali chambo bandia bila kubembelezwa sana. Jodari, sulisuli na faulusi wa kilindini wana mambo yao, sitawagusa.

Jambo moja niliondoe njiani mapema. Maelezo mengi ya chambo bandia yanayosomwa mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya samaki aitwaye paiki, wa maziwa na mito ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kule mwanzo wa msimu ni wakati baridi kali ndiyo kwanza inaisha. Maji bado ya baridi, paiki ametoka kutaga kwenye maji mafupi yenye majani, mwili wake mzito, na mvuvi hushauriwa avute chambo polepole, akisimamishe, avute tena. Kwa paiki ushauri huo ni sahihi. Ukiuleta Kunduchi utarudi na ndoo tupu. Bahari yetu hata Julai na Agosti, inapokuwa baridi kuliko wakati wote, hubaki kwenye nyuzijoto 25 hivi, na nguru kazi yake ni kukimbiza. Chambo kinachojikokota hukitazama akakiacha. Paiki na nguru wanafanana kwenye meno, na hapo tu ndipo nitauchukua ushauri wa kule kama ulivyo.

Hatua ya kwanza: anzia tumboni mwa samaki

Fika Soko la Samaki Feri, pale Magogoni, asubuhi na mapema, usinunue kitu bado. Tazama boti zimeleta samaki wadogo gani: vibua, simu, dagaa, chuchunge. Hao ndio chakula cha nguru na kolekole wiki hiyo. Pima urefu wao kwa kiganja chako, na uangalie migongo yao ina rangi gani wakiwa bado wabichi, maana kibua aliyekaa juani saa mbili hafanani tena na yule aliyetoka majini. Kisha nenda kwa vijana wanaopaa samaki. Waombe wakuoneshe tumbo la nguru wanayempasua. Wengi hawakatai, hasa ukinunua kipande.

Mimi somo hili nililipata Kunduchi Pwani, Oktoba ya mwaka juzi. Nilikuwa nimetoka kapa wikiendi tatu mfululizo. Samaki wanagonga, mshipi unatetemeka, kisha kimya. Chambo kinarudi kikiwa na mikwaruzo nyuma. Asubuhi hiyo mzee mmoja alikuwa ameinama juu ya ubao karibu na mashua, anapasua nguru mwenye urefu wa mkono mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisu chake kikaendelea kuteremka tumboni. Vikatoka visamaki vitatu vya urefu wa kidole, vimeanza kulainika, na nusu ya kibua. Ilikuwa nusu ya nyuma tu, mkia na sehemu ya mgongo, na pale palipokatwa pamenyooka kama pamepitishwa wembe.

"Unaona?" akasema, akiigeuza ile nusu kwa ncha ya kisu. "Nguru hamezi kwanza, mwanangu. Anakata mkia. Mwenzie akishashindwa kukimbia, ndiyo anarudi kumalizia."

Chambo changu kilikuwa cha sentimita 18, ndoano kubwa chini ya tumbo, na ile ya mkiani nilikuwa nimeitoa kwa sababu ilikuwa inanasa kwenye wavu wa kupakulia. Yaani nilikuwa nimemwachia nguru mahali pale pale anapopenda kuuma, bila ndoano. Nilirudi nyumbani nikachukua chambo cha sentimita 11, kinacholingana na wale visamaki, nikafunga ndoano nzuri mkiani. Jumamosi iliyofuata nilileta nguru wawili.

Kwa hiyo tumbo la samaki linakujibu maswali mawili makubwa kabla hujatoa hata shilingi: chambo kiwe na urefu gani, na ndoano ikae wapi. Mwanzoni mwa msimu, kwa niliyoyaona mimi, matumbo huwa na visamaki vidogo zaidi kuliko Januari na Februari, na kosa la wageni wengi ni kuanza na chambo kikubwa kwa tamaa ya samaki mkubwa. Anza na sentimita 9 hadi 14. Cha 18 kiweke kwenye sanduku, siku yake itafika.

Hatua ya pili: soma maji ya siku hiyo

Chambo kilichofanya maajabu Jumamosi kinaweza kulala Jumapili, na mara nyingi chanzo ni maji. Mambo matatu huyabadilisha.

La kwanza ni upepo. Kusi ikiwa bado na nguvu, bahari huwa na povu na mchanga unainuka kwenye maji mafupi. Demani, yaani kipindi kusi inapomalizika, ikishatulia, kati ya Oktoba na Novemba, maji ya nje ya miamba huanza kuwa safi, ya bluu. Kabla ya kutoka soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanatoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na mwanzo wa msimu ndio wakati kusi hurudi ghafla kwa siku mbili tatu baada ya watu kudhani imekwisha.

La pili ni mvua za vuli. Zikinyesha vizuri, Msimbazi, Mbezi, Tegeta na Mpiji huteremsha tope hadi baharini. Hutokea mstari unaoonekana kwa macho, huku maji ya chai ya maziwa, kule maji ya kijani. Usiukimbie mstari huo. Samaki wadogo hukaa kwenye ukingo wake, na kolekole hupita upande wa maji safi akiwavizia. Rambaza sambamba nao, usiukate katikati.

La tatu ni bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo kwa kawaida hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hupwa kabisa saa nne hivi. Maana yake kwa mvuvi wa asubuhi ni kwamba ukitoka saa kumi na mbili siku ya bamvua, unakuta maji yanatoka kwa kasi, yanavuta uchafu wa mikoko na vijito kuja nje. Mkondo huo unawaamsha samaki kwenye milango kati ya miamba, lakini maji yanakuwa na ukungu. Siku za maji mafu mkondo ni dhaifu, maji ni safi, na samaki huchagua zaidi. Siku ya bamvua beba chambo kinachotikisika sana na chenye rangi ya kupiga kelele. Siku ya maji mafu beba kidogo, chembamba, cha rangi ya samaki wa kweli.

Na kabla sijasahau: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na Sinda na visiwa jirani vya upande wa Kigamboni viliongezwa 2007. Ndani ya mipaka ya hifadhi hakuna kuvua. Nimewasikia watu wakisema "nilikuwa narambaza tu napita". Mshipi ukiwa majini unavua. Uliza mipaka kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo unaotokea, na mambo ya leseni uliza hapo hapo. Hawa nguru tunaowangojea nje ya miamba wanategemea miamba hiyo ipumzike, na pwani hii imeshapigwa baruti vya kutosha.

Hatua ya tatu: chagua aina

Chambo chenye mdomo. Huyu ndiye mfalme wa kurambaza. Ni samaki wa mbao au plastiki mwenye kijibao mbele, kama ulimi, kinachosukumwa na maji ili chambo kizame na kuyumba. Asili ya ubunifu wake inafurahisha kwa sababu ilianza kwa kutazama, kama yule mzee wa Kunduchi. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, aliona ziwani kwamba samaki mkubwa akiingia kwenye kundi la wadogo humchagua yule anayeyumba, aliyejeruhiwa. Mwaka 1936 alichonga chambo kwa gome jepesi lile la kuzibia chupa, akakifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, na juu akakipaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Paiki walikuwa miongoni mwa samaki aliokuwa akiwavua. Yumbo lile lile ndilo linalomdanganya nguru wetu.

Unaponunua, tazama mdomo kabla ya rangi. Mdomo mrefu uliolala mbele huzamisha chambo zaidi. Mfupi uliosimama wima hukiacha karibu na juu na kukitikisa sana. Kwa miamba ya mita 8 hadi 20 ambako wengi wetu tunapita, kinachozama mita 3 hadi 6 kinatosha, kwani nguru hupanda kukifuata. Kumbuka pia kwamba mshipi mnene husukumwa na maji na kukiinua chambo. Chambo kile kile kwenye mshipi mwembamba huzama zaidi. Anayevua kwa mshipi wa mkono mnene anunue chenye mdomo mrefu kidogo kuliko wa mwenye fimbo.

Ngisi wa mpira na manyoya. Ni rahisi, hakiharibiki haraka, na mkononi mwa mvuvi mzoefu hakuna kinachokishinda kwa hesabu ya faida. Wavuvi wetu hutengeneza wenyewe kwa manyoya meupe ya kuku au nyuzi za kiroba zilizochambuliwa, wakafunga juu ya kipande cha risasi kilichotobolewa. Usikidharau kwa kuwa hakina macho ya kung'aa. Kinahitaji mwendo wa kasi zaidi kidogo, na kinapendwa sana na sehewa, jamaa wadogo wa jodari, ambao ukiwapata mwanzoni mwa msimu ni ishara kwamba nguru hawako mbali.

Chuma. Hapa naweka vijiko na vile vipande virefu vya risasi vilivyopakwa rangi ya samaki. Ukiona ndege wanapiga mbizi na maji yanachemka kwa dagaa, chambo cha kurambaza huwa kinachelewa. Zima mashine mbali kidogo, ukiwa upande upepo unakotoka ili ukusogeze kwao, kisha rusha kijiko cha gramu 30 hadi 60 ukivuke kile kichemko na uvute kwa kasi yote. Kwa kuteremsha kwenye mwamba wa mita 30, gramu 80 hadi 100 hufika chini bila shida siku za maji mafu. Siku za bamvua ongeza. Kikigusa chini kiinue upesi, mita ya kwanza ndiyo ya hatari kwa kunasa, halafu vuta kwa mikupuo. Kolekole mara nyingi huuma chuma kinapoanguka, mshipi ukilegea ghafla wakati hujafika chini, kaza.

Popa, yaani chambo cha juu chenye mdomo wa kikombe kinachorusha maji, ni cha kolekole wakubwa kwenye ukingo wa mwamba alfajiri. Kinachosha mikono na kinataka fimbo ngumu. Kama huna, ruka. Chambo cha mpira laini nacho ruka: kwa meno ya nguru, kimoja ni samaki mmoja, na mara nyingi hata huyo humpati.

Hatua ya nne: rangi, baada ya hayo yote

Watu huanzia hapa, mimi naiweka nyuma kwa makusudi. Rangi ina kazi, lakini ni ndogo kuliko urefu, kina na mwendo.

Mwanga mwekundu ndio wa kwanza kumezwa na maji. Mita chache tu chini, wekundu huanza kugeuka weusi, wakati bluu inaendelea kwenda mbali. Kwa hiyo kile chambo maarufu cha kichwa chekundu na mwili mweupe, ambacho kila mvuvi wa pwani anacho, samaki wa chini hakioni kama unavyokiona wewe dukani. Anaona kitu cheupe chenye kichwa cheusi, umbo linalojitenga na maji, na ndiyo maana kinafanya kazi hata maji yakiwa na ukungu.

Ninavyochagua mimi: maji ya bluu na jua limetoka, fedha tumboni na mgongo wa bluu au kijani, kama kibua. Maji ya kijani yenye ukungu, pinki au njano ya ndimu. Ukingo wa tope la vuli, dhahabu. Alfajiri kabla jua halijapasua, zambarau au nyeusi, maana samaki anatazama juu kwenye mwanga hafifu na cheusi ndicho kinachoonekana kama kivuli. Ukilazimika kununua kimoja tu, chukua fedha na bluu cha sentimita 12 au 13.

Hatua ya tano: waya na ndoano

Bila waya, nguru atakuachia mshipi uliokatwa na kuondoka na chambo chako. Ila waya nao una ubaya wake: ukiwa mnene au mrefu kupita kiasi, chambo hakiyumbi, kinaburutwa kama kijiti. Sentimita 30 hadi 40 zinatosha kwa kurambaza. Waya wa uzi mmoja ni mwembamba na samaki hauoni kirahisi, lakini ukijikunja mara moja utupe, hapo pamekufa. Waya wa nyuzi nyingi ni laini na rahisi kufunga. Kwa nguru wa mwanzo wa msimu, wenye uwezo wa kilo 20 hadi 25 ni mzuri. Mwisho wake upande wa chambo fanya kitanzi, usikaze fundo kwenye tundu la chambo, ili kiwe huru kucheza.

Kile kiungo cha chuma kinachozunguka, kinachozuia mshipi usijisokote, nunua cheusi. Kinachong'aa kikipita majini kinatoa vipovu na mmeto, nguru anakipiga, na kwa kuwa kiko juu ya waya, anakata mshipi hapo. Nilipoteza vyambo viwili siku moja hivyo kabla sijaelewa kwa nini mshipi unakatika mahali ambapo hapana mwamba.

Ndoano za matawi matatu zinazokuja na chambo cha bei rahisi mara nyingi ni laini. Zibadilishe. Mimi siku hizi naweka ndoano moja moja badala ya zenye matawi: tumboni imeelekea mbele, mkiani imeelekea nyuma. Zinanasa mwambani mara chache, zinashika vizuri zaidi, na samaki mdogo unaweza kumrudisha akiwa mzima. Lakini angalia uzito. Ndoano nzito mno inaua yumbo, nyepesi mno inafanya chambo kipinduke.

Hatua ya sita: sasa ndiyo uende dukani

Ukiwa umeshajua urefu, kina, na rangi mbili, mwenye duka hawezi kukuyumbisha. Chukua chambo mkononi, usikikague ndani ya mfuko wake. Mambo ninayoyaangalia ni haya. Mdomo umekaa katikati? Kishike kichwa kikikuelekea na ufumbe jicho moja. Ukiona umepinda hata kidogo, kirudishe. Kitikise sikioni, mlio wa gololo sawa, mlio wa maji hapana. Pitisha kucha kwenye mshono wa plastiki, kama unakwama mahali pana ufa. Chukua ndoano kati ya vidole ujaribu kuifungua kidogo, ikitanuka kwa vidole, samaki wa kilo 8 ataifungua kama pini. Mwisho tazama vile vipete vinavyoshika ndoano. Vikiwa vimeachia nafasi, usinunue.

Nasema hivi kwa uchungu. Kuna duka, silitaji, liliniuzia chambo chenye jina kubwa kwa bei ya jina hilo. Nje ya Mbezi nikapata samaki ambaye mpaka leo sijui alikuwa na ukubwa gani. Alivuta mara mbili, mshipi ukalegea, na nilipopandisha, chambo kilikuwa kizima, rangi yake nzuri vile vile, na ndoano zote mbili zimenyooka. Tangu siku hiyo nanunua chambo cha bei ya kawaida na ndoano nzuri kando. Kwa jumla natumia pesa zile zile na silali na donge rohoni.

Kama pesa ni kidogo, anza na vitano: vyenye mdomo viwili, kimoja fedha na bluu, kimoja kichwa chekundu, ngisi wawili wa mpira, pinki na mweupe, na kijiko kimoja cha fedha cha gramu 40. Sanduku la vyambo thelathini linamfanya mtu abadilishe kila dakika tano na asivue.

Hatua ya saba: kijaribu kando ya boti

Kabla hujaachia mshipi, kokota chambo mita mbili kutoka ubavuni mwa boti, ukitazama. Kinatakiwa kiyumbe kwa haraka na kwenda mbele kimenyooka. Kikivutia kushoto, shika kwa koleo kile kipete cha mbele unachofungia waya na ukipindishe kidogo sana kulia. Kikivutia kulia, kinyume chake. Kidogo sana namaanisha unene wa karatasi. Jaribu tena. Kazi hii ya dakika mbili ndiyo inayotenganisha mvuvi na mtembezaji wa boti, na ni wachache wanaoifanya.

Mwendo wa kurambaza chambo chenye mdomo ni kilomita 9 hadi 13 kwa saa. Kama huna kifaa cha kupima, sikiliza mkono: mshipi ukiwa kidoleni unatakiwa utetemeke mfululizo, kama simu iliyowekwa mtetemo. Mtetemo ukikatika, ama chambo kimebeba jani la bahari, ama kimepinduka, ama unaenda kasi mno. Ongeza mwendo taratibu hadi kianze kurukia juu, kisha punguza kidogo. Hapo ndipo pake. Kiache mita 25 hadi 40 nyuma ya boti. Ukiwa na mishipi miwili, mmoja uwe mfupi na mwingine mrefu, ili ukikata kona isisokotane, na ile kona yenyewe usiiogope: chambo cha ndani hupungua kasi na kuzama, cha nje huongeza kasi, na samaki aliyekuwa akifuata bila kuamua mara nyingi huamua hapo.

Ukigongwa bila kunasa, usizime mashine. Kumbuka kibua aliyekatwa mkia. Nguru anarudi. Vuta mshipi kwa mkono mara moja kwa nguvu, uachie chambo kirudi nyuma nusu mita kama samaki aliyeshindwa, halafu kiendelee. Na akishanasa, usimlazimishe, mdomo wake huchanika. Acha avute mbio zake mbili za kwanza. Kando ya boti tumia ndoano kubwa yenye mpini au kitambaa kizito, koleo liwe karibu, na watoto wakae mbele, maana nguru mwenye ndoano mdomoni akijirusha ndani ya boti anakata miguu.

Hatua ya nane: lini ubadilishe

Badilisha kimoja kimoja, kwa mpangilio. Dakika 30 bila kuguswa, badilisha kina kwanza: chukua chenye mdomo mrefu zaidi, au ongeza mshipi. Dakika 30 nyingine, badilisha mwendo. Kisha urefu wa chambo, na rangi iwe ya mwisho. Ukivibadilisha vyote kwa pamoja na samaki akauma, hujui umejifunza nini.

Mimi nina daftari dogo kwenye mfuko wa nailoni. Naandika tarehe, mwezi una siku ngapi, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, rangi ya maji, chambo, na kilichokuwa tumboni. Daftari hilo ndilo lililonionesha kwamba chambo changu ninachokipenda kuliko vyote, cha kijani, hakijawahi kuniletea samaki hata mmoja siku ya maji mafu. Ningetumia kumbukumbu tu, ningeapa kwamba kinaleta kila siku.

Ukirudi, tumbukiza vyambo vyote kwenye ndoo ya maji ya bomba, waya ukiwa bado umefungwa, uviache humo wakati unaosha boti. Vifute, vikauke kivulini. Vikiachwa juu ya dashibodi ya gari pale Kawe saa saba mchana, plastiki hutanuka, mshono huachia, na wiki ijayo utashangaa kwa nini kinazama upande. Ndoano yoyote yenye doa la kutu itoe jioni hiyo hiyo, ukiwa bado unakumbuka ni ipi.